Kongamano la "koneksheni" za nyumba na viwanja Arusha: laki mbili na nusu ya kupiga picha na mgeni rasmi!

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira. Anayetaka pongezi aende kwenye grupu la waandaaji, kule wanapongezana mpaka sasa hivi.

Juzi kulikuwa na kongamano la wadau wa nyumba na ardhi hapa mjini. Simtaji aliyeandaa wala hoteli, waliokuwepo wanajua. Tangazo lilituahidi kukutana ana kwa ana na wawekezaji, watu wa benki, wapima ardhi, wathamini wanaokadiria thamani ya nyumba na viwanja, na wanasheria. Kiingilio laki mbili na nusu, ukilipia mlangoni laki tatu. Mimi nasimamia nyumba za kupanga za Watanzania walio nje, nyingi ziko Njiro na Sakina. Nilikuwa natafuta watu wa aina tatu tu: mthamini aliyesajiliwa ambaye hatanizungusha, mwanasheria anayezijua hati za sehemu ya jengo (kila fleti na hati yake), na mtu wa mikopo ya nyumba wa benki yoyote. Sikufuata wali.

Ratiba ilisema saa mbili asubuhi. Tukaanza saa nne kasoro, mgeni rasmi hajafika. Ukumbi mzima tumekaa kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa, kila mtu na simu yake. Muda wote ule ulikuwa wa dhahabu! Mtu mwenye akili angesema wapima kona ile, benki huku, mafundi na wauza vifaa pale mlangoni, salimianeni. MC yeye anatuomba tukae tuheshimu itifaki.

Halafu beji. Tumevalishwa kamba shingoni, kadi imeandikwa MSHIRIKI kwa herufi kubwa, chini nembo ya mdhamini. Jina lako hakuna, kazi yako hakuna. Asubuhi nzima nimekaa na mzee mmoja mtulivu, tumeazimana chaja, tumecheka pamoja hotuba ya pili. Jioni kwenye maegesho ndipo ananiambia yeye ni mthamini, ripoti zake zinapokelewa na benki zaidi ya moja. Mtu niliyemlipia laki mbili na nusu alikuwa kiti cha pembeni! Na msije na "si ungemuuliza". Nilianza kumuuliza, kipaza sauti kikalia: "Wale wa nyuma, tunaomba utulivu." Mzee wa watu akanyamaza kwa adabu zake.

Chai walitupa dakika kumi na tano. Chupa mbili za chai kwa ukumbi mzima, foleni mpaka kwenye ngazi, na sambusa ukifika umekuta trei ina makombo. Nikiwa kwenye hiyo foleni akanivamia kijana wa viwanja, suti ya bluu, vipeperushi mkononi. Hakunisalimia, aliniwekea karatasi kiganjani.

"Bro, dakika tano tu kutoka uwanja wa AFCON, Olmoti. Bei inapanda kila wiki."
"Kimepimwa?"
"Kimepimwa kabisa."
"Namba ya kiwanja?"
"Hati iko kwenye mchakato."
"Nimeuliza namba ya kiwanja, sijauliza hati."

Akaenda kwa mtu wa nyuma yangu. Kila banda la maonyesho ni hivyohivyo, AFCON 2027 imekuwa ndiyo hati miliki. Na hao ndio waliopewa muda wa kuzungumza jukwaani, kwa sababu ndio waliodhamini maji ya kunywa.

Kitu pekee cha maana siku ile kilitoka kwa mwanasheria mmoja dada. Mtu wa Ngaramtoni aliuliza kuhusu shamba alilouziwa kwa karatasi iliyogongwa muhuri wa kijiji, anataka kujenga nyumba za kupangisha na kukopa benki. Yule dada akaanza kuchambua vizuri: kwanza ujue ardhi hiyo iko upande gani, kwa sababu ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria Na. 5 ya 1999, na hii ya mjini tunayopewa hati ya miaka 33, 66 au 99 iko kwenye Sheria Na. 4 ya mwaka huohuo. Kijijini kuna halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, muhuri wa mtu mmoja si uamuzi wa kijiji. Akasema omba muhtasari wa kikao, tazama waliosaini, uliza kama eneo limeshatangazwa kuwa la mpango mji. Ukumbi ukawa kimya, watu wanaandika. Nusu ya pesa za watu waliokuwa mle ndani zimelala kwenye karatasi za namna hiyo, Kisongo, Olmoti, Usa River, kote. Mimi nimeshajiandaa kuuliza kuhusu ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, maana kuna jengo nasimamia ambalo ndugu wanne wanataka kila mmoja awe na hati ya fleti yake, na hawajakubaliana nani atatengeneza paa.

MC akamkata. "Tunashukuru sana wakili, muda si rafiki." Tukaoneshwa video ya mdhamini. Video ikagoma, tukaisubiri. Kisha ikaanza upya kutoka mwanzo!

Jamani, huu ni mji wa AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa. Tangu 1978 Arusha inapokea mikutano ya dunia. Mwaka 2000 Warundi walikaa hapa na mzee Mandela wakasaini makubaliano ya amani. Mji uliokutanisha watu waliokuwa wanapigana vita umeshindwa kumkutanisha mpima na mwenye kiwanja?

Mtaalamu wa ardhi waliyemtangaza kwenye bango, picha yake kubwa kuliko ya wote, alikuja, akakaa meza kuu, akaondoka na msafara wa mgeni rasmi kabla ya chakula cha mchana. Yule ndiye watu walimfuata wakiwa na nakala za barua zao kwenye bahasha. Nilimwona mama mmoja katoka Moshi na basi la alfajiri, bahasha kaishika mpaka jioni. Simlaumu mtaalamu, ana ofisi na ana ratiba yake. Nawalaumu waliomtumia kama pambo. Mngempa meza na saa moja tu, bila hotuba, mngekuwa mmerudisha kiingilio cha watu wengi.

Najua mtakuja na ule wimbo wa "koneksheni unajitafutia mwenyewe". Nazitafuta, mkuu, sijaanza jana. Wiki moja kabla niliwapigia waandaaji niombe orodha ya makampuni yatakayokuja, nichague wa kuonana nao na nianze kuwasalimu mapema. Jibu: "orodha ni siri ya washiriki". Siri gani, wakati jioni ya kongamano namba zetu wote zimemwagwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa, na tangu hapo naamshwa na matangazo ya viwanja na picha za maua za "asubuhi njema"? Siendi kwenye mikutano na vipeperushi, naenda na swali moja jembamba. Mthamini namuuliza ripoti ya mkopo inachukua siku ngapi, benki gani zinamkubali, na anaonesha wapi kwamba amesajiliwa, kwa kuwa tangu sheria ya 2016 mthamini lazima awe amesajiliwa na bodi yao. Anayejibu bila kung'aka ndiye naandika nyuma ya kadi yake tumezungumza nini, na siku mbili hazipiti nampigia. Fundi wangu wa maji nilimpata hivyo, na wapangaji wawili wazuri wa ofisi. Lakini hayo yote yanahitaji mtu apate nafasi ya kusimama na kuongea, na nafasi ndiyo waliyotuuzia kisha wakaigawa kwa wahotubiaji.

Na sisi washiriki tusijifiche. Kuna watu wanapita meza kwa meza wakigawa kadi kama wanagawa karata, hakuangalii usoni, akishakupa macho yako kwa mwingine. Wengine wakishapiga picha na mgeni rasmi kazi imekwisha, wanarudi nyumbani kuandika "siku yenye tija". Tija ipi? Taja jina la mtu mmoja uliyekutana naye na kazi anayofanya.

Sasa nasikia waandaaji walewale wanapeleka kongamano Moshi, kiingilio kimepanda mpaka laki tatu. Na mmo humu jukwaani, nawaona mnavyopenda nyuzi za watu. Jibuni hapahapa hadharani: beji za Moshi zitakuwa na jina na kazi ya mtu? Orodha ya watakaokuja, ya wale waliokubali kutajwa, itatoka lini kabla ya siku yenyewe? Wataalamu mtakaowaweka kwenye bango watakaa saa ngapi baada ya mgeni rasmi kuondoka, na meza zao zitakuwa wapi? Mkinijibu, pesa nawatumia leo kwa simu, na nakuja na watu wangu wengine.

Na ile risiti ya EFD, ya mashine ya kodi, ya kongamano la juzi, mliyosema mashine imeisha karatasi, bado naisubiri.