Mrejesho: maandishi makubwa Linux ikiwaka

Ni mimi wa Kondele, Kisumu, niliyelalamika kwamba Debian (aina ya Linux) ikiwaka maandishi yanakuwa makubwa kama ya bango, mistari 25 tu, ilhali skrini ni ya 1920x1080. GRUB_GFXMODE, mpangilio wa ukubwa wa skrini ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), nilibadilisha mara tatu. Menyu ya GRUB ilinyooka, lakini keneli (kiini cha Linux) ikianza, yale yale.

Aliyesema nichungulie /proc/cmdline, faili linaloonyesha maagizo ambayo keneli ilipewa ikiwaka, ahsante sana. Nilikuta agizo la nomodeset limejikalia hapo. Nililiweka mwenyewe siku ya kusakinisha nikasahau! Linaizuia keneli kupanga skrini. Nimelifuta kwenye faili la mipangilio ya GRUB, /etc/default/grub, nikaendesha sudo update-grub ili mabadiliko yashike, nikawasha upya.

Ila sasa herufi zikawa kama sisimizi. Nimeendesha sudo dpkg-reconfigure console-setup, nikachagua fonti ya Terminus, ukubwa wa 16x32. Nasoma bila miwani.