Ikiwa uji wa mbege huchemshwa, kwa nini ulezi uoteshwe?

Mkazi wa Pasua:
Ndugu zangu, Krismasi inakaribia, na kama zilivyo familia nyingi za hapa Moshi, nasi tunajiandaa kupanda mlimani kwenda kihambani, yaani shamba la ukoo, huko Mwika, ambako mama mkubwa hupika mbege ya wageni, ile pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi. Safari hii ninataka kuielewa kazi yenyewe, si kushika kata tu. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka zigeuke rangi ya kahawia, kisha huachwa pipani kwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao huloweshwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa, ndipo unga wake hupikwa uji ambao, ukishapoa, huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Hapo ndipo ninapokwama. Nafaka huoteshwa ili ipate vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na vimeng'enya hufa kwa moto. Ikiwa uji hutokota, kuotesha kote kule kuna kazi gani? Na msesewe unaotiwa kwenye mbege je, ni uchungu tu?

Mwalimu wa Soweto:
Vimeng'enya hufa kwa moto, lakini havifi mara moja. Sufuria kubwa juu ya mafiga hupata moto polepole, na kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi wanga wa ulezi huvimba na kulainika huku vimeng'enya vikiwa bado hai, vikiukatakata kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Uji unapofika kutokota, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika. Unaweza kujionea kwa macho: ukipika unga wa kimea, yaani wa ulezi uliooteshwa, na unga wa ulezi wa kawaida kwa vipimo sawa, ule wa kimea huanza kuwa mzito, halafu ghafla hulegea na kutiririka kwenye mwiko, ilhali wa kawaida hubaki mzito. Ndiyo sababu kimea hutumika pia kulainisha uji wa watoto wachanga.

Hata hivyo, usiupe ulezi sifa zote. Ndizi mbichi imejaa wanga, lakini inapoiva karibu wanga wote hugeuka sukari yenyewe, na ndizi ndiyo inayobeba kileo. Hamira ya asili inayofanya kazi hiyo imo katika yale maji ya ndizi. Ukiyamwagia uji wa moto, umeiua.

Mama wa Kihambani:
Mwanangu wa Pasua, mwalimu amesema kweli, nami ninaongeza ya jikoni. Unga ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi, kisha moto uwe wa taratibu. Anayeumwaga kwenye maji yanayochemka hupata uji mzito na mbege isiyo na ladha. Kimea kilichopata ukungu kitupwe, hata kama umekinunua kwa bei.

Msesewe ni gamba la mti, ule ambao wataalamu huuita *Rauvolfia caffra*. Hukaushwa na kutwangwa, na kiasi chake ni kidogo mno, maana ukizidisha hakuna atakayemaliza kata moja. Uchungu wake hukata utamu wa ndizi. Pasipo msesewe unakunywa togwa iliyochacha. Kuna wauzaji wanaofupisha njia kwa sukari na hamira ya dukani. Inalevya, sibishi, ila kwangu hiyo si mbege. Tazama chini ya kata: ikiwa hakuna machicha ya ulezi, jua umeuziwa kitu kingine.

Mkazi wa Pasua:
Shikamoo mama, na asante, mwalimu. Wageni wetu wanafika tarehe 25 mchana. Tuchanganye lini?

Mama wa Kihambani:
Marahaba. Changanyeni tarehe 24 jioni, uji ukiwa umepoa kabisa, na pipa mlifunike bila kulibana, kwa kuwa usiku litatoa povu. Asubuhi itakuwa tayari. Pikeni ya kutosha siku moja tu, kwani ikilala tena huwa kali na chachu, na wageni wenu wataanza kuulizia soda.