Mshahara haukuguswa, kazi hukufutwa: mwajiri akianika ugonjwa wako, unamdai nini?

Mwanzisha mada
Wadau, nisaidieni kwa hili. Dada mmoja ninayefanya naye kazi kwa wakala wa forodha hapa Mombasa alipimwa akakutwa na kifua kikuu. Akapeleka barua ya hospitali kwa HR ili apewe ruhusa. Haikupita saa moja, barua ile ile, jina na yote, ikawa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi lenye watu 43. "Tumuombee mwenzetu," HR akaandika chini yake.

Amesharudi kazini. Mshahara haujakatwa hata senti, cheo ni kile kile. Ila kikombe chake jikoni kimetiwa alama ya rangi nyekundu ya kucha na kinawekwa peke yake dirishani. Wengine siku hizi chai wanakunywa nje wamesimama. Alipolalamika, wakili wa kampuni alijibu kwa mstari mmoja: aonyeshe hasara aliyopata.

Mimi naona swali lenyewe limepinda. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa fidia aliyedhurika, na kinasema wazi kuwa madhara si ya fedha tu, hata dhiki ya moyo imo. Sasa risiti ya dhiki inatolewa duka gani?

Msimamizi wa ghala
Tusijifanye. TB huenda kwa hewa. Nina vijana 20 kwenye ghala lisilo na madirisha ya maana. Mmoja akiugua, ninyamaze? Mwingine akiambukizwa, huyo naye atanishtaki. Na mkianza kulipana kwa "niliumia moyo", kila aliyenuniwa jikoni atakuja na wakili.

Binti Tanga
Mkuu, kuwaambia watu wakapimwe ni jambo moja, kubandika barua ni jingine. Wahudumu wa afya huwafuatilia waliokaa karibu na mgonjwa, na hawahitaji kundi la WhatsApp. Kikombe ndiyo kabisa, TB haiambukizwi kwa vyombo.

Huku kwetu Tanzania sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023, lakini ED yangu ya mwisho, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, iliandikwa ugonjwa kwa herufi kubwa, na mlinzi wa getini akaisoma kabla ya bosi. Akanipa pole kwa sauti. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kupewa pole kwa sauti.

Wakili mdogo
Anayedai ndiye anayethibitisha. Hiyo ni Sheria ya Ushahidi, wakili wa kampuni hakuitunga.

Kuna kesi ya Ujerumani inafanana kidogo na hii. Jamaa alikuwa fundi wa kompyuta kwenye taasisi ya madaktari wanaokagua wagonjwa wa bima. Alipougua muda mrefu, taasisi hiyo hiyo ikaandika ripoti juu yake. Akamwomba mwenzake aipige picha, akadai yuro 20,000. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema fidia ni ya kumrudishia aliyeumia kilichompotea, si fimbo ya kumchapa mwajiri. Kwetu Kenya fimbo ipo kivyake: Kamishna wa Data anaweza kutoza faini hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kilicho kidogo kati ya hivyo. Faini hiyo si ya mlalamikaji.

Kwa hiyo huyo dada alete vitu. Skrinshoti yenye tarehe na idadi ya waliomo. Nani alihama meza, lini. Kama alienda kwa mshauri nasaha, karatasi zake. Ofisi ya Kamishna ina siku 90 za kuchunguza na kuamua. Usiwapelekee maneno matupu ukitumaini watakutafutia.

Mwanzisha mada
Hapo ndipo penye uonevu, wakili. Unamtuma akatafute mashahidi kwa watu wale wale wanaokwepa kikombe chake. Mimi ningegeuza: barua ikishaonekana mbele ya watu 43, dhiki ihesabiwe ipo, mwajiri ndiye aeleze kwa nini haipo. Na wewe msimamizi, hao vijana wako kuwaambia wakapimwe, unahitaji jina?

Msimamizi wa ghala
Jina wangelijua tu. Wangeona nani hayupo. Ila barua nisingeituma, hilo nakubali.

Wakili mdogo
Mwanzisha mada, shahidi mbona yupo? Kikombe umekiona kwa macho yako. Utaandika taarifa na kutia sahihi? Kama ndiyo, kipige picha leo, kabla mtu hajaleta asetoni.

Mwanzisha mada
Mkataba wangu unaisha Desemba. Nipe hadi kesho.