Tupeane uzoefu: mliopata nafasi ya soka la kulipwa umri ukiwa umeshasogea

Njumu za Mkopo
Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 28, fundi umeme, winga wa kulia tangu utotoni. Wiki iliyopita timu yetu ya mchangani iliitwa kucheza kirafiki na timu ya daraja la kwanza. Kuitwa huko mnakujua: wao wanajaribu mfumo mpya, nyie ndio koni. Tulikula saba. Lakini filimbi ya mwisho ilipolia, kocha wao alinifuata moja kwa moja, akauliza nimesajiliwa wapi. Nikamjibu sijawahi kusajiliwa kokote. Akasema njoo majaribio, wiki mbili.

Kazini sijamwambia mtu. Nimemwambia mke wangu tu. Alicheka kwanza, halafu akainama kuzitafuta njumu uvunguni. Waliopita njia hii wakiwa watu wazima, tupeane uzoefu. Mabaya nayo semeni, ila msinikatishe tamaa wote siku moja.

Beki Tatu
Umenikumbusha mbali, mkuu. Mimi niliitwa nikiwa na 27, nikasaini, nikacheza msimu mmoja na nusu.

Watu watakuambia shida ni pumzi. Pumzi inatafutwa. Kile kipimo cha kukimbia mita 20 kwenda na kurudi huku spika inalia "pii" nilikimaliza, ingawa watoto wa miaka 18 walikuwa wanapiga soga wakikimbia na mimi nikihesabu dhambi zangu.

Shida ilikuwa shikamoo. Siku ya kwanza naingia chumba cha kubadilishia nguo, kimya, halafu kwaya nzima: "Shikamoo kaka!" Mmoja akanipisha pa kukaa. Ikifika zamu yangu ya kubeba mipira, kuna kijana ananipokea mfuko. Nikawa kama mgeni rasmi.

Mechi yangu ya kwanza ya ligi, dakika ya 70 na kitu, bila bila. Krosi inakuja, mimi macho kwa mwenye mpira, straika wao ameshanizunguka mgongoni. Kipa wetu, miaka 19, anamwona. Kipa mwingine yeyote angepiga kelele "Nyuma!" na tusi juu. Yule mtoto, kwa malezi aliyolelewa, akaanza: "Kaka, samahani, nyuma yako..." Alipofika kwenye "yako" mpira uko wavuni. Kocha alinitoa palepale. Nilikaa benchi nimejifunika taulo usoni. Goli tu ningelimeza. Kilichonimaliza ni kuona kwamba watu 10 wananiheshimu na hakuna hata mmoja anayecheza na mimi.

Baada ya mechi nikamfuata kipa, nikamwambia ukiniamkia tena uwanjani nakuzaba kofi. Akajibu, "Sawa kaka." Ulipita mwezi mzima ndipo akanitukana. Siku hiyo nilimkumbatia, waamuzi wakadhani tunapigana.

Kona Fupi
Hiyo ya shikamoo nakazia. Inauma kuliko goti.

Takwimu za Usiku
Mleta uzi usiogope. Jamie Vardy, yule straika Mwingereza, aliachwa na timu yake akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani huku akicheza madaraja ya chini. Leicester walimchukua 2012 akiwa na 25, Ligi Kuu ya Uingereza akaionja 2014 akiwa na 27. Mwaka 2015 akafunga mechi 11 mfululizo, 2016 akabeba ubingwa.

Mtoto wa Kipa
Nilikuwa najiuliza Vardy atatajwa jibu la ngapi. La tatu. Tumejitahidi.

Takwimu za Usiku
Sasa unataka nimtaje nani, shemeji yako? Haya, chukua Ian Wright, straika wa zamani wa Uingereza, alikuwa anapaka plasta kwenye majengo mpaka Crystal Palace walipomsajili 1985.

Mtoto wa Kipa
Akiwa na 21. Mkuu, 21 ni mtoto. Mwenzetu ana 28 na mke anamcheka.

Mzee wa Jukwaani
Roger Milla wa Cameroon je? Kombe la Dunia 1990, miaka 38, magoli manne. 1994 akafunga tena akiwa na 42!

Mtoto wa Kipa
Mzee wangu, kwa heshima zote, Milla hakuchelewa kuanza. Alichelewa kuondoka. Hivyo ni vitu viwili.

Mzee wa Jukwaani
Kijana, mimi nilimwona 1990 ukiwa hujazaliwa.

Mtoto wa Kipa
Kumwona hakubadilishi hesabu, mzee wangu.

Kona Fupi
Mnaotafuta mfano wa kweli, muulizeni Dario Hübner, straika Mwitaliano. Serie A, ligi kuu ya Italia, aliingia 1997 akiwa na 30, mechi ya kwanza kabisa akawafunga Inter kwao. Msimu wa 2001/02 akawa mfungaji bora akiwa na Piacenza, magoli 24, sawa na Trezeguet wa Juventus. Miaka 35, na sigara anavuta. Junior Messias, Mbrazili, naye alikuwa anasambaza mafriji huku akicheza ridhaa. Serie A akaingia 2020 akiwa na 29, mwaka uliofuata yuko Milan anawafunga Atlético Madrid kwenye Ligi ya Mabingwa. Friji, wakuu. Yeyote aliyewahi kupandisha friji ngazi anajua yale mapaja yalitoka wapi.

Kiungo Mkabaji
Niongeze upande wetu wanawake. Mkataba wangu wa kwanza niliusaini nikiwa na 29, na timu nzima tulikuwa hivyohivyo, 27, 30, mmoja 33. Sisi hatukuchelewa. Ligi ndiyo iliyochelewa. Tulikuwa tunaisubiri tumekaa na viatu miguuni.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: usimsikilize anayekwambia usitaje umri. Taja siku ya kwanza.

Beki wa Pembeni
Usitaje kabisa! Subiri waupende mguu kwanza, umri utawauma baadaye.

Jina la Pili
Nimeusoma uzi huu mara tatu kabla ya kuandika.

Mimi nilikuwa na 30. Timu iliniona, ikanipenda, mambo ya mguu yakaisha siku mbili. Ikabaki karatasi. Kiongozi mmoja akakiangalia cheti changu cha kuzaliwa, akanirudishia kama mtu anayerudisha chenji pungufu. Akasema, "Hii 30 naipeleka wapi? Tafuta nyingine." Hakusema neno zaidi. Hakuhitaji.

Nina mdogo wangu tuliyepishana miaka sita. Tunafanana mpaka sauti. Naye straika, naye anahangaika mchangani, wakati huo yupo mbali na nyumbani. Cheti chake kilikuwa kwenye sanduku la mama, chini ya vitenge. Nikakichukua. Nikajiambia nakiazima msimu mmoja.

Msimu ule nilifunga magoli tisa. Mashabiki wanaimba jina la mdogo wangu, mimi ndiye nageuka kupunga mkono. Mtangazaji anasema "kijana wa miaka 24 ana mbele ndefu huyu." Nikazoea. Hilo ndilo naliogopa mpaka leo, jinsi nilivyozoea haraka.

Dirisha la usajili lililofuata mdogo wangu akapata timu. Kwa jasho lake, majaribio ya wiki tatu, kati ya vijana 60 walichukua wawili. Karani akaingiza jina, tarehe, majina ya wazazi. Mfumo ukasema mchezaji huyu ana timu tayari. Wakarudia. Ana timu tayari, na ana magoli tisa.

Akafungua picha ya kikosi chetu.

Alinipigia usiku. Nilitamani anitukane. Akasema, "Kaka, shikamoo. Nimeona umekuwa na msimu mzuri." Halafu kimya. Halafu akaniuliza mama anaendeleaje.

Nilienda kuongea na viongozi, wakaniambia nikifungua mdomo timu itakatwa pointi na mimi nitafungiwa. Nikaondoka. Kulifungua jina lake mfumoni kulichukua madirisha mawili, na timu yake haikumsubiri. Leo yeye ana 28, bado anacheza mchangani, bado ananiita kaka. Mleta uzi alipoandika "nina miaka 28" mkono ulinitetemeka.

Kona Fupi
Mleta uzi, samahani, una kaka?

Njumu za Mkopo
Wakuu mimi ni mtoto wa kwanza. Lakini mmenitisha.

Mtoto wa Kipa
Jina la Pili, wewe hukuazima cheti. Ulikula mbegu ya mwenzako.

Beki wa Pembeni
Acheni unafiki. Nusu ya waliocheza humu wana umri wa mpira na umri wa mama. Kosa ni la timu, zinadai watoto wenye akili za watu wazima, unategemea nini?

Kiungo Mkabaji
Kudanganya umri wako ni dhambi yako. Kutumia jina la ndugu ni kumwingiza mtu kwenye dhambi ambayo hakuitenda hata kidogo. Usichanganye.

Beki wa Pembeni
Dada, wewe ulikuwa na ligi iliyokuwa inatafuta watu. Sisi tulikuwa watu tunaotafuta ligi.

Kiungo Mkabaji
Ukimaliza kunifundisha historia yangu niambie.

Katibu Mstaafu
Nilikaa na mafaili ya usajili miaka mingi, niruhusuni. Kile kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono ambacho FIFA ilianza kukitumia Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kinaangalia kama mfupa umeshafunga, yaani umeacha kukua. Kinamnasa mtu mzima aliyejificha kati ya watoto. Mfupa ukishafunga, hakiwezi kukuambia huyu ana 24 na huyu ana 30. Kwa hiyo wakubwa hawanaswi na mashine, wananaswa na ndugu zao, walimu wao wa zamani na wake walioachwa. Nimeyaona yote matatu.

Sasa mleta uzi, nikupe kitu ambacho hao wote wamekisahau. Mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, au akihama nchi, timu hudaiwa fidia ya mafunzo na waliomkuza. Deni hilo lina kikomo, ni hadi mwaka anaotimiza miaka 23. Wewe wa 28 huna deni la mtu. Timu yenye mfuko mwembamba inakuchukua bila barua ya madai. Upande wa pili, hawatarajii kukuuza. Kijana wa 19 akicheza vibaya wanasema anakua. Wewe ukicheza vibaya wanasema ameisha. Kwa hiyo usiende na mpango wa kuwa mzuri mwakani. Nenda na kitu kimoja unachokiweza leo.

Njumu za Mkopo
Asante sana mzee wangu. Krosi, mzee. Napiga krosi.

Katibu Mstaafu
Basi piga krosi. Chenga waachie wenye miaka 19.

Kona Fupi
Wiki ya mwisho kabla ya majaribio kimbia asubuhi na jioni.

Beki Tatu
Usimsikilize. Wiki ya mwisho punguza. Mimi nilijikimbiza hadi usiku wa kuamkia majaribio, siku ya tatu nyama za nyuma ya paja zikakaza, nikacheza nimefunga bandeji ndani ya bukta ili daktari asione. Aliona. Kijana akifanya mazoezi leo kesho yuko fiti, wewe kesho yako inaweza kuwa keshokutwa. Lala.

Mzee wa Jukwaani
Na unyoe ndevu.

Mtoto wa Kipa
Acha kazi, weka akili yote uwanjani.

Kiungo Mkabaji
Omba likizo. Narudia, likizo. Huyo anayekwambia uache kazi muulize anafanya kazi gani.

Mtoto wa Kipa
Natafuta.

Njumu za Mkopo
Wakuu nimerudi. Wiki mbili zimeisha leo.

Siku ya kwanza waliniamkia kweli, karibu nicheke. Nikawaambia uwanjani naitwa "Winga" tu. Siku ya nne kipa alinitukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, nikakumbuka maneno ya Beki Tatu. Mbio ndefu nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Chenga sikupiga hata moja. Mechi ya mwisho ya majaribio, krosi mbili zikaliwa na vichwa vya straika wao, ya tatu ikagonga mwamba. Kocha umri hakuuliza. Nilimtajia mwenyewe, akasema, "Naona."

Leo wametuita mmojammoja ofisini. Wameniambia nirudi Jumatatu na picha nne za pasipoti na cheti cha kuzaliwa.

Kona Fupi
Chako?