Tupeane uzoefu: umemaliza chuo na una gari la zamani, ulibaki nalo au uliuza?

Mleta mada

Wakuu habari za majukumu. Nimemaliza chuo hapa Dodoma mwaka huu, ajira bado, naomba kila tangazo linalotoka Ajira Portal na huku namsaidia shangazi dukani kwake Majengo. Nina Toyota Starlet EP91, injini 4E, namba B, niliachiwa na mjomba nikiwa mwaka wa pili alipohamishiwa Songea. Imenisaidia sana chuo, sikatai. Sasa bumu (hela ya mkopo wa chuo) hakuna tena, mafuta nanunua kwa hela ya mawazo, na kuna mtu anataka kunipa 3.8M mkononi. Mama anasema usiuze utakuja kuikumbuka, baba mdogo anasema uza hata kesho asubuhi uanze biashara.

Naomba tupeane uzoefu. Yale ya "gari sio asset" nimeshayasikia mpaka basi, nataka mtu aliyepita hapa nilipo aniambie alifanyaje na ikawaje, ukiweka na hesabu nitashukuru zaidi.

Wa Kimara

Dada mimi niliuza na nitakuambia hesabu iliyoniuzisha. Nilipata kazi Posta, mshahara wa kuanzia laki 6. Makato: bodi ya mikopo wanachukua 15% ya basic, hiyo elfu 90 imeenda. NSSF 10%, elfu 60. PAYE kama elfu 24. Mkononi inabaki laki 4 na elfu 26. Nikakaa nikapiga mafuta, kutoka Kimara Mwisho mpaka Posta kwenda na kurudi ni kama kilomita 30, kwa foleni ya Dar gari la zamani linakupa kilomita 10 kwa lita ukiwa na bahati, kwa hiyo lita 3, petroli ilikuwa karibu elfu 3, ni elfu 9 kwa siku. Siku 22 za kazi ni laki na elfu 98, na bado hujalipa parking. Mwendokasi ilikuwa 750 kwenda, 750 kurudi, mwezi mzima elfu 33. Yaani gari lilikuwa linataka karibu nusu ya mshahara wangu ili nifike kazini nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Na kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni kwamba mwezi wa kwanza kazini ndio mwezi wa gharama kubwa kuliko yote, mwenye nyumba Dar anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, hujanunua godoro, hujanunua jiko, mshahara wenyewe unakuja mwisho wa mwezi. Hela ya gari ndio ililipa vyote hivyo. Sikukopa kwa mtu. Mwendokasi ina kubanana kwake, asubuhi pale Kimara unapigana kweli kweli, lakini nalala usingizi.

Mwalimu Katavi

Mimi sikuuza, nililiacha nyumbani Morogoro. Nilipangiwa shule huku Mpimbwe, nikasema gari dogo la chini vile sitalifikisha, masika udongo wa mbuga huku hata pikipiki zinasukumwa, acha likae nyumbani nitakuwa nalitumia likizo. Mdogo wangu nikamwachia ufunguo awe anawasha.

Niliporudi likizo ya Desemba betri imekufa, breki za nyuma zimeshikana na kutu, tairi zimepasuka pembeni kwa kukaa upande mmoja, panya wamekula waya za kwenye injini, na mafuta yaliyobaki kwenye tenki yameshachacha. Mdogo wangu alikuwa anawasha kweli, dakika tano anazima, kumbe hiyo dakika tano ndio inamaliza betri kabisa kwa sababu kuwasha kunakula chaji na hiyo safari fupi haijairudisha. Gari likikaa linatakiwa liendeshwe, litoke barabarani lipate moto, sio kuungurumishwa uani.

Kwa hiyo kwangu swali sio kubaki nalo au kuuza. Swali ni utapangiwa wapi, na kama hujui, nani ataliendesha wewe ukiwa haupo. Kama jibu ni hakuna, muuzie mtu likiwa bado linatembea, maana bei ya gari linalotembea na bei ya gari lililopaki hazifanani hata kidogo.

Mama Keki Mwanza

Naomba niwe upande wa mama mzazi. Mimi nilibaki na Vitz yangu ya zamani na ndio imenifikisha hapa. Nilimaliza chuo nikakaa mtaani bila kazi, nikaanza kuoka keki nyumbani Buhongwa. Keki ya harusi huwezi kumpa boda, Mwanza ni milima na mawe, ikifika Capri Point huko imeshakuwa uji. Vitz ile ya cc karibu 1000 inakunywa kidogo, nalaza siti za nyuma keki zinakaa zimetulia. Wateja wakawa wananipigia kwa sababu keki inafika nzima, hicho tu.

Ila tuwe wakweli hapa wapendwa, gari lilibaki kwa sababu lilikuwa na kazi. Delivery naichaji pembeni, na hela ya delivery haichanganyiki na ya unga na mayai, ina mfuko wake, humo ndio inatoka oil, bima (third party laki na elfu 18) na tairi. Mwezi ambao mfuko hautoshi najua bei zangu ziko chini, napandisha. Mleta mada kama hilo duka la shangazi linaweza kuitumia Starlet kuleta mzigo kutoka Sabasaba na shangazi akaweka mafuta, basi una sababu ya kukaa nalo. Kama ni la kwendea kwenye interview, uza, interview hata daladala inakufikisha.

Fundi Gerezani

Wote mmeongea lakini hakuna aliyeuliza hali ya gari lenyewe. Dada yangu, Starlet mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa gari mbili tofauti kabisa. Kabla hujaamua chochote mpe fundi ambaye HATAPATA kazi ya kulitengeneza, mlipe hela ya kukagua tu, halafu aangalie yafuatayo.

Kwanza kutu, aingie chini kabisa, chasisi na pale shokapu zinapofungwa juu. Injini inanunulika, gia boksi inanunulika, bodi iliyooza hainunuliki. Pili apime compression (nguvu ya mgandamizo) silinda zote nne, ziwe zinakaribiana. Asubuhi gari likiwa baridi washa uangalie moshi, wa bluu anakula oil, mweupe mzito usioisha unaambatana na maji kupungua hapo shaka ni gasketi ya silinda hedi. Na hapa niseme jambo linaniuma, mafundi wengi mtaani gari likichemka dawa yao ni kutoa themostati (kivalvu kinachodhibiti joto la injini) na kukwambia weka maji ya bomba. Injini bila themostati inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, inaisha haraka. Maji ya bomba yanatengeneza kutu ndani ya rejeta. Rudisha themostati, weka coolant, magari mengi yanayoitwa vimeo yanapona hapo hapo.

4E inatumia timing belt sio cheni. Kama hujui mara ya mwisho ilibadilishwa lini chukulia haijabadilishwa, kilomita laki moja ndio mwisho wake. Tairi usiangalie kashata tu, soma ile DOT pembeni, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na imeshazeeka.

Ukishapata orodha ya matengenezo weka bei kila kimoja. Ikifika nusu ya hiyo 3.8M mimi nakwambia chukua hela ya mteja. Ikiwa laki 3 au 4 na bodi safi, hiyo hela hupati gari lingine la uhakika huo, na la kuagiza ndio usahau, likizidi miaka 10 TRA wanakuongezea 30% ya uchakavu juu ya kodi nyingine.

Mleta mada

Fundi nashukuru sana, sana. Hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Kuhusu themostati, nimeenda kuangalia na jirani anayejua gari, HAIPO. Rejeta maji yake ya kahawia. Na timing belt mjomba nimempigia anasema hakumbuki. Nitatafuta fundi wa kukagua wiki hii.

Swali lingine, kadi ya gari bado ina jina la mjomba, hili lina shida gani nikiuza moja kwa moja kwa huyu mteja?

Msela wa Eldoret

Hapo kwa kadi wacha nikujibu na yaliyonipata huku Kenya. Nilimaliza campo nikiwa na ile Toyota 110 ya babangu, na babangu alikuwa ameinunua kwa mtu na hawakuwahi badilisha logbook. Kazi nikapata Nairobi nikaona siwezi peleka gari ya umri ule huko, jam na parking ya town itanimaliza, nikatafuta mnunuzi na akapatikana haraka tu. Shida ikawa transfer. Mwenye jina kwa logbook alikuwa ashahama na namba yake haishiki, na bila yeye kukubali kwa akaunti yake hiyo kitu haiendi. Mnunuzi akangoja akachoka akaenda zake. Nilikaa na gari nikilipia bima ya third party ya mwezi kwa mwezi huku HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) nao wanataka pesa yao, mpaka yule mzee akapatikana kupitia kanisa lake.

Kwa hivyo dadangu ata kama hutauza, rekebisha jina saa hii mjomba akiwa anashika simu. Binadamu ni safari.

Mtoto wa Kihonda

Niongezee na hili la safari maana nimeona wengi wanabaki na gari kwa sababu ya "nitakuwa naenda nyumbani". Mimi niko Moro, wazazi Dar, nilikuwa nashuka na gari yangu wikiendi, kilomita kama 190, mafuta yanakaribia elfu 40 kwenda tu, na tochi njiani, elfu 30 kila kosa. Tangu treni ya SGR ianze 2024 tiketi ya kawaida ni elfu 13, stesheni iko hapa hapa Kihonda. Mleta mada uko Dodoma, kwako mpaka Dar ni elfu 31 na unafika hujachoka. Sababu ya safari ndefu kwa gari la zamani siku hizi haipo tena kwa sisi tulio kwenye reli. Mikoa mingine ni kesi tofauti, nawaelewa.

Mbongo Houston

Huku nilipo jibu ni kinyume kabisa. Nilimaliza chuo na Corolla ya 2006, nikaingia OPT (ruhusa ya muda ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi Marekani baada ya chuo), ambapo ukizidisha siku 90 jumla bila kazi unapoteza status yako ya kukaa nchini. Kazi inaweza kutokea upande wowote wa jiji na Houston bila gari hata sokoni huendi. Wenzangu walikimbilia gari jipya la mkopo walipopata tu ofa, mimi nikabaki na la zamani ambalo sidaiwi, nikapunguza bima ikabaki ya liability tu (inayolipa hasara ya mwingine, sio gari lako) kwa sababu gari lenyewe thamani yake ndogo, na ile hela ambayo ingeenda kwenye mkopo wa gari nikawa natuma nyumbani, imepaua nyumba ya mama Tanga. Bado naliendesha. Kila mtu aangalie mji anaoishi kwanza.

Mnunuzi Mtulivu

Mimi nilikuwa upande wa pili, nilinunua gari la kijana aliyemaliza chuo Iringa, kwa hiyo nikueleze mleta mada kitu gani kilinifanya nimpe bei aliyotaka bila kuvutana, wakati wengine niliwapa bei ya chini nikaondoka.

Yule kijana alikuwa na daftari. Kila oil aliyobadili ameandika kilomita na tarehe, risiti za spea amezibana na stepla. Kadi ilikuwa jina lake. Nikaangalia namba ya injini na chesesi zikalingana na kadi (wengi wanafunga injini ya mtumba hawapeleki taarifa TRA, hilo linamtisha mnunuzi kuliko mlio wowote). Nikacheki deni la trafiki kwenye mfumo, safi, kumbuka deni linafuata namba ya gari sio dereva, kwa hiyo wewe uangalie kabla mteja hajaangalia. Na alinionyesha mwenyewe ubovu uliokuwepo, jointi ya kushoto inagonga ukikata kona, sikuigundua mimi. Hapo nikamwamini na mengine yote.

Kwa hiyo fuata alivyosema fundi, rudisha themostati, flashi rejeta, belti mpya, haitafika hela ya kukutisha. Mjomba wako aandike mkataba wa kukuhamishia, mupeleke kwa mwanasheria na TRA kadi ije jina lako, kuna stamp duty ya 1% na ada za uhamisho, zilipe. Huyo mteja wa 3.8M mwambie asubiri, akikataa subiri mwingine, Starlet safi yenye kadi safi haikosi mtu. Na kama ndani ya muda huo ajira ikatoka ya hapo hapo Dodoma, sehemu kama Nala au Ihumwa ambako usafiri unasumbua, utakuwa na gari zima lenye jina lako na huhitaji kuuza. Ukipata majibu ya huyo fundi wa kukagua tupia hapa na bei zake, tukusaidie kuona ipi ya lazima na ipi inaweza kusubiri.