Rejista imejaa, watoto hawajapewa dawa: ufuatiliaji wa kaya za wagonjwa wa TB vijijini ni aibu

Wakuu, hili tusilifumbie macho. Mgonjwa wa TB ya mapafu akianzishiwa dawa, anaambiwa tu: "Waambie wa nyumbani waje wapimwe." Basi. Orodha ya wanakaya inajazwa palepale kwa kumwuliza yeye, na kazi inahesabika imefanyika. Nani aende na nauli yake mpaka kituoni, hana hata kikohozi? Tena huenda mgonjwa hajawaambia anaumwa nini! Mhudumu ndiye anayetakiwa kwenda nyumbani, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Kinachochoma zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwongozo wa WHO uko wazi: mtoto anayeishi na mwenye TB ya mapafu iliyothibitishwa maabara, akichunguzwa akaonekana hana ugonjwa, anapewa dawa kinga. Lakini anarudishwa kwa sababu eti kipimo cha ngozi (sindano ya kuonyesha kama ameambukizwa TB) hakuna, eksirei hakuna. Kwa umri huo kipimo cha ngozi si sharti, na kukosekana kwa eksirei si sababu ya kumnyima dawa. Hata kikiwepo, kipimo cha ngozi husomwa baada ya saa 48 hadi 72, yaani mama afunge safari mara mbili bure.

Mama aulizwe kama mtoto ana kikohozi, homa, kulegea, kutocheza. Kisha mtoto apimwe uzito kwa mizani, ulinganishwe na kadi ya kliniki. Hapa watu wanakisia kwa macho, na ni hatari. Dozi ya dawa kinga ya miezi 3 ya watoto, kidonge cha kuyeyusha kwenye maji chenye rifampisini mg 75 na isoniazidi mg 50, inakwenda kwa kilo: 4 hadi 7 kidonge 1 kwa siku, 8 hadi 11 viwili, 12 hadi 15 vitatu, 16 hadi 24 vinne. Ukikosea kilo moja tu, kati ya 7 na 8, umempa nusu ya dozi yake au mara mbili. Na apimwe tena kila mwezi, mtoto anakua.

Mwenye dalili asipewe dawa kinga kabla ya kupimwa, maana dawa pungufu kwa TB kamili huzaa usugu. Mtoto hatoi makohozi? Choo chake kinapimwa kwenye GeneXpert, mashine ya kutambua vijidudu vya TB. Kama zahanati haina mashine, isafirishwe sampuli, si mtoto.

Wakubwa wanaopewa dawa kinga ya rifapentini na isoniazidi mara moja kwa wiki, wiki 12, wanaacha njiani kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Mkojo wa rangi ya chungwa ni kawaida ya dawa. Mkojo mweusi, macho ya njano na kutapika ni ini: acha dawa, rudi kituoni siku hiyohiyo. Na wanawake waambiwe kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu. Watumie njia nyingine isiyo ya homoni.

Kaya ya mwenye TB sugu (isiyosikia dawa za kawaida) ina utaratibu wake, msiwagawie dawa hizihizi.

Waratibu mnaopokea ripoti, acheni kuhesabu majina. Rejista isiyo na tarehe ya kufika nyumbani, uzito wa kila mtoto na tarehe ya kumaliza dozi irudishwe ilikotoka.