Hatua tupu au kupunguza kina: nianze na ipi?

kitunda_e4: Programu yangu ya chesi inatumia alfa-beta (utafutaji unaoruka matawi yasiyoweza kubadili uamuzi), ila ni nzito. Nataka kuongeza njia moja ya kupogoa, yaani kutopoteza muda kwenye matawi yasiyo na faida. Ipi inalipa zaidi?

ngome7: Unapangaje hatua? Jedwali la heshi, yaani kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha kutafutwa, lipo? Bila hayo tunapiga ramli.

faras_mweusi: Hatua tupu, basi. Mpe mpinzani zamu ya bure, tafuta kwa kina (idadi ya hatua za mbele) ukiondoa 3, dirisha la alama beta-1 hadi beta (beta ni alama ambayo ukiifikia, mpinzani hatakuruhusu uingie tawi hilo). Asipokushusha chini ya beta, kata tawi. Marufuku mfalme akiwa kwenye cheki, marufuku mara mbili mfululizo.

ngome7: Na balaa lake je? Weka mfalme mweupe f5 na kitunda e4, mfalme mweusi d4 na kitunda e5. Mwenye zamu ndiye anayepoteza. Kupitisha zamu hapo kunaleta ushindi usiokuwepo kwenye sheria, na programu inauamini. Mwenye zamu akibaki na mfalme na vitunda tu, izime. Unapopitisha zamu, geuza pia zamu kwenye heshi na ufute mraba wa kula kwa kupita (kitunda kula kitunda kilichoruka miraba miwili).

mpogoaji: Mie napenda kupunguza kina. Hatua 3 za kwanza kina kamili, zilizo mkiani punguza 1. Za kula na za cheki usiguse. Ikivuka alfa (alama bora uliyokwisha kujihakikishia), irudie kwa kina kamili.

kitunda_e4: Heshi ipo. Napanga za kula tu, anayeliwa mnono (wa thamani kubwa) kwanza. Za utulivu (zisizokula) zinakuja zilivyotoka.

ngome7: Ungesema mapema! Hapo hatua nzuri itakaa mkiani na kupunguziwa kina. Anza kuhifadhi hatua 2 za utulivu zilizokata tawi kwenye kina hicho, uzijaribu mara baada ya za kula.

mpogoaji: Wengi huumizwa na jambo jingine kabisa. Kwenye kina 1, tathmini (alama ya nafasi ilivyo) ikiongezwa 300 (kitunda ni 100) isifike alfa, hatua za utulivu zinarukwa. Kihesabu cha hatua halali kikiwa chini ya mstari wa kodi unaoziruka, kinabaki 0, na programu inatangaza sare ya kukosa hatua. Anayeongoza kwa malkia anaikwepa njia ya ushindi akidhani ni sare! Kosa halionekani hadi uzime kupogoa na kulinganisha alama. Hesabu kwanza, ruka baadaye.

faras_mweusi: 300 nyingi, 200 inatosha.

ngome7: Inategemea tathmini yako. Cheza michezo elfu kadhaa ya haraka dhidi ya toleo la jana, si 20.

faras_mweusi: Kwa kompyuta ipi? Yangu inachemka kwa 500.

kitunda_e4: Sasa hiyo 3 ya hatua tupu, kina kikiwa 2 inakuwaje?